Muhuri njo ulifanya kijiko kiwe mali

Bwana Mhariri,

Juma lililopita mulichapa barua ya msomaji mmoja wa mtaa wa Katuba anayesema ati familia zinazojaza masahani na vikombe mu vitrini, ile kabati ya vioo ya saloni, na kuvitoa tu siku wageni wamefika zinafanya majivuno ya bure, heri pesa hiyo ingelipa minervali, yaani pesa ya masomo ya watoto. Simjui huyo ndugu na sina neno baya naye, lakini nafikiri amehukumu haraka sana. Vyombo vya mezani vinabebaka mambo mengi zaidi ya kula na kunywa, na kama anataka kuona mahali jambo hilo lilifika mbali kabisa basi asome habari za Uingereza ya karne ya 18, kule kijiko cha fedha kilikuwa akiba ya nyumba na tena kilikuwa kama cheti cha kuonyesha wewe ni mtu wa daraja gani. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lubumbashi, nimelifuata jambo hili miaka kwa miaka, na ndani yake mna kitu kinachotugusa sisi watu wa Katanga, nchi ya shaba, kuliko wengine, yaani habari ya muhuri unaogongwa kwenye madini, naomba munipe nafasi nielezee vizuri.

Tuanze na pesa yenyewe. Wakati ule mtu wa kawaida hakuwa na benki ya kuwekea akiba vile tunajua leo, na pesa ya Waingereza ya kila siku, shilingi na zingine, ilikuwa inatengenezwa na fedha, yaani madini yenyewe, kwa hiyo birika la fedha juu ya meza lilikuwa sawa na mufuko wa shilingi uliopewa sura ingine. Mambo yakiharibika, biashara ikianguka, baba akifa na madeni, unalipeleka kwa fundi anayeyusha au anakulipa kwa uzito. Walipima kwa wakia, na mpaka leo ukipindua sahani au sinia ya wakati ule mara nyingi utakuta chini yake namba zimekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, ule ndio uzito wa siku kilitoka kwa fundi, wakauweka pale ili mwenye mali ajue kama kuna mtu amekata kipande ao amebadilisha chombo. Na bei ilihesabiwa mara mbili, kwanza madini kwa wakia, kisha kazi ya mikono, mteja aliweza kuleta birika la bibi yake lililopitwa na wakati, linapimwa, thamani yake inaondolewa kwenye bei ya jipya, la zamani linaingia motoni. Vyombo vizuri sana vilipotea hivyo, kila mara mtindo ulipogeuka kizazi kizima cha vyombo kiliingia mu moto, na hilo linaniuma kidogo juu kazi ya mikono ya watu ilikufa pale pamoja na jina lao.

Sasa, kama sarafu inaweza kuwa birika na birika linaweza kuwa sarafu, hatari inaenda pande zote mbili. Mwishoni mwa karne ya 17 watu walikuwa wanakata kingo za sarafu na kuyeyusha sarafu nzima wapate madini ya vyombo, pesa ikapungua mu nchi, mpaka bunge likaamua kwamba tangu 1697 vyombo vitengenezwe na fedha safi kuliko ile ya sarafu, sehemu 958 kwa 1000 badala ya 925, ili sarafu isiingie mu chombo moja kwa moja. Kiwango cha 925 kilirudi 1720, lakini kilirudi na kodi, peni 6 kwa kila wakia.

Na hapa njo tunafika kwenye muhuri. Mu London fundi wa fedha hakuruhusiwa kujisifia mwenyewe kwamba madini yake ni safi, alipeleka kazi yake Goldsmiths' Hall, nyumba ya chama cha mafundi wa dhahabu na fedha, pale walikwaruza kipande kidogo, wakakipima, kikifaulu wanagonga alama, kikishindwa chombo kinavunjwa palepale. Alama zilikuwa kadhaa na kila moja ilikuwa na kazi yake na umri wake, kichwa cha chui kilikuwako tangu 1300, alama ya fundi mwenyewe ililazimishwa tangu 1363, herufi inayogeuka kila mwaka tangu 1478, na simba anayetembea, alama ya usafi wa fedha, tangu 1544. Fikiri kidogo maana ya ile herufi ya mwaka, ni kusema kwamba kama miaka kumi baadaye mtu anagundua chombo kibovu tunajua nani alikitengeneza na mwaka gani kilipita mezani pa wapimaji, wapimaji nao hawawezi kujificha. Mtu wa kijijini kabisa, asiyejua kusoma, alimnunulia mtoto wake kijiko cha fedha na hakuhitaji kumwamini muuzaji, alitazama yule simba. Na siku ya shida mwenye duka la rehani naye alitazama simba huyohuyo akatoa pesa bila maswali mengi. Bila muhuri kile kijiko ni chuma tu kinachong'aa, ungelazimika kubishana juu yake kila mahali unapokipeleka.

Basi kitu chenye nguvu namna hiyo watu watakichezea tu. Kodi ya 1720 ilipoingia mafundi wengine walibuni ujanja, wanapeleka kitu kidogo, sahani ndogo ao kipande chepesi, kinapimwa na kulipiwa kodi ndogo, wakirudi mu karakana wanakata ule mviringo wenye mihuri na kuuchomelea chini ya birika zito ambalo halikulipiwa hata peni moja. Hata Paul de Lamerie, ambaye wengi wanamuona ndiye fundi mkubwa kuliko wote wa karne ile, mchezo huo umekutwa mu vyombo vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1750 serikali iliona imezidi, kughushi muhuri ikawa kosa la kunyongwa, na baadaye 1773 adhabu ikageuzwa kuwa kuhamishwa ng'ambo miaka 14. Kodi ya wakia yenyewe iliondolewa 1758 kisha ikarudi 1784, safari hii na muhuri wa ziada wenye kichwa cha mfalme George wa Tatu kuonyesha kwamba imelipwa. Nchi iliyokuwa tayari kumnyonga mtu juu ya alama ndogo kuliko punje ya muhindi ilijua kabisa mali yake inasimama juu ya nini.

Huyo de Lamerie familia yake ilikuwa ya Waprotestanti wa Ufaransa, wale waliotawanyika hasa kisha mfalme wao kufuta 1685 amri iliyowalinda, alizaliwa Uholanzi 1688 wakaja London akiwa mtoto, akajifunza kwa fundi mwenzao Pierre Platel. Wakimbizi hao walileta ufundi ambao mafundi wenyeji walikuwa hawana, na mwanzoni wenyeji waliwachukia, walilalamika kwamba wageni wanachukua kazi yao. Kwenye hii miji yetu inayopokea wakimbizi wa vita kila mwaka ningependa vijana wajue habari hiyo.

Lakini mtu ninayempenda zaidi mu historia hii ni Hester Bateman. Alizaliwa 1708, hakusoma, jina lake hakuweza kuliandika, mume wake John alikuwa anatengeneza minyororo ya dhahabu na saa, akafa 1760 na kumuachia watoto na vifaa vya kazi. Mwaka uliofuata huyu mjane mwenye miaka zaidi ya 50 akaenda Goldsmiths' Hall akaandikisha muhuri wake mwenyewe, HB, kwa herufi za kupinda nzuri sana, akaongoza karakana na watoto wake karibu miaka 30 mpaka alipopumzika 1790, kisha wanawe na mkamwana wake Ann wakaendelea. Alitengeneza vijiko, mabirika, visahani vya chumvi, vyombo vyepesi ambavyo watu wa kati waliweza kununua, na leo watu wanatafuta zile herufi mbili kwa hamu kubwa. Mwanamke asiyejua kuandika, mu nchi ambayo mwanamke hakuwa na sauti, na jina lake linasomwa miaka zaidi ya 200 kisha kifo chake juu aligonga herufi mbili kwenye kila kitu alichotengeneza. Ninawafundishaka wasichana wa darasa langu habari hii na ninaona vile wanakaa wima.

Sasa turudi kwa ndugu wa Katuba na daraja za watu. Kule fedha iligawa watu vizuri kabisa. Bwana mkubwa alikuwa na nembo ya ukoo wake imechorwa kwenye kila sinia, kila kinara, kila kijiko, na kuna jambo dogo ninalolipenda hapo, mwanzoni mwa karne walilaza vijiko na uma mezani vikiangalia chini, kwa hiyo nembo ilichorwa upande wa nyuma wa mpini ili mgeni aione, kisha karne ilipopita nusu walianza kuvilaza vikiangalia juu na nembo ikahamia upande wa mbele. Kila kitu kilipangwa kwa ajili ya jicho la mgeni. Chakula chenyewe kiliwekwa mezani vyombo vingi kwa wakati moja, supu mu bakuli kubwa la fedha lenye kifuniko, katikati chombo cha matawi chenye matunda na vitu vitamu, mishumaa pembeni, na fedha inarudisha ule mwanga wa mishumaa mara mbili, wakati ambapo nyumba za watu wengi zilikuwa giza saa ya usiku. Na zamani kidogo mgeni alikuja na kisu chake mwenyewe mufukoni, lakini mu karne hii mwenye nyumba njo anatoa kisu, uma na kijiko kwa kila mtu na vyote vinafanana, maana yake anaweza kulisha watu ishirini na kila mmoja ameshika mali.

Chai ilikuwa ndiyo siku ya mama wa nyumba. Majani yalitoka China kupitia kampuni ya East India, na kodi yake ilikuwa kubwa mno mpaka ilipopunguzwa 1784 hadi asilimia 12 na nusu, kwa hiyo majani yalifungiwa mu kisanduku chenye kufuli na funguo alikuwa nayo mama mwenyewe, mtumishi alileta maji ya moto tu. Yeye njo alichanganya, yeye njo alimwaga, mbele ya wageni, na birika, kibuyu cha maziwa, koleo ndogo ya sukari, vijiko vidogo, vyote vilisema kama huyu mwanamke amefundwa ao hapana. Familia zingine zilimuita mchoraji awachore wamekaa na vyombo vya chai mbele yao. Na watu wa chini wakaiga kadiri ya nguvu yao, mwenye duka ana vijiko sita vya chai, mke wa fundi ana viwili, vinaandikwa mu wosia, binti mkubwa achukue hivi, binti mdogo achukue vile. Wizi wa vijiko ulijaa makortini London, na kuiba ndani ya nyumba vitu vya shilingi 40 kuendelea kulikuwa na adhabu ya kifo tangu 1713, na kitu kikiibiwa Goldsmiths' Hall walituma karatasi za onyo kwa mafundi wenye maduka ili mwizi akija kuuza akamatwe, juu chombo kina nembo, kina muhuri, kinajulikana. Mimi siwezi kukubali mtu anyongwe juu ya kijiko, lakini inaonyesha uzito wa jambo.

Kisha shaba ikaingia. Miaka ya 1740 fundi visu mmoja wa Sheffield, Thomas Boulsover, aligundua kwamba ukishikanisha kwa moto bamba la fedha na kipande kinene cha shaba vinagandana, na ukivipitisha mu rola vinaenda pamoja, fedha juu shaba ndani. Alianza na vifungo vya nguo, wenzake wakafanya vinara, masinia, mabirika, bei ikashuka sana na familia za kati zikapata meza inayong'aa. Shaba yao ilitoka Cornwall, na kuanzia 1768 pia mlima wa Parys kule Wales. Tatizo ni kwamba ukichora nembo juu yake kisu kinafika kwenye shaba na wekundu unaonekana, kwa hiyo walipachika pale kipande cha fedha kamili ili mwenye nyumba aweke nembo yake bila aibu. Na ukisugua miaka mingi kingo zinaanza kutoa wekundu. Matthew Boulton wa Birmingham alikuwa anatengeneza vyote viwili, fedha kamili na hii ya shaba, na fedha yake kamili ilibidi isafirishwe mpaka Chester kugongwa muhuri, njia mbaya, vyombo vinabonyea, alipigana mu bunge mpaka 1773 Birmingham na Sheffield zikapata ofisi zao za kupima, nanga kwa Birmingham, taji kwa Sheffield. Mfanyabiashara huyu hakuomba serikali imuondolee upimaji, aliomba upimaji uletwe karibu na karakana yake, juu alijua bila ule muhuri hauzi.

Siwezi kuandika haya yote mu gazeti la watu wa Kongo nikaficha upande mwingine. Fedha hiyo Waingereza hawakuichimba kwao. Nyingi ilitoka Mexico na mlima wa Potosí, Bolivia ya leo, kule wenyeji walipelekwa migodini kwa shurti, zamu kwa zamu, na walikufa wengi. Ilifika London kwa njia ya biashara, na moja ya biashara hizo ni mapatano ya 1713 yaliyowapa Waingereza haki ya kupeleka watumwa 4,800 kwa mwaka mu makoloni ya Wahispania, na meli zao zilinunua watu pia Loango, Malembo na Cabinda, pande za mdomo wa mto wetu. Sukari iliyoshikwa na ile koleo nzuri ililimwa na watumwa. Na kuna jambo ambalo kila nikilisoma mwili unanisisimka, matajiri wengine wa London walikuwa na vijana weusi watumishi na waliwavalisha kola ya fedha shingoni, imechorwa jina la bwana, unaziona mpaka mu picha za rangi za watu wakubwa, na mwaka 1756 fundi mmoja wa Westminster alitangaza mu gazeti kwamba anatengeneza kufuli za fedha za watu weusi ao mbwa. Mikono ileile, madini yaleyale. Muhuri ulithibitisha usafi wa madini, haukuuliza kitu juu ya mtu aliyeyachimba wala aliyefungwa nayo.

Ndugu wa Katuba, sasa nakuja kwetu. Sisi hatukuanza kujua madini jana. Misalaba ya shaba imefukuliwa mu makaburi ya Sanga pembeni ya ziwa Kisale, wazee wetu walilipa nayo mahari na kununua vitu, ilikuwa pesa na ilikuwa heshima, sawa kabisa na ile fedha ya Waingereza. Na leo hapa Lubumbashi tuna mafundi wanaogonga shaba kwa nyundo mpaka inakuwa picha, uso wa mama, pirogi, mti, kijiji, tuna wanaochonga malakite, lile jiwe la kijani la shaba, wanafanya sanduku na sahani ambazo mgeni yeyote akiziona anasimama. Lakini pindua hiyo kazi uangalie nyuma. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna mji. Mgeni ananunua, anapeleka Ulaya ao Johannesburg, anaweka ukutani, mtu anamuuliza nani amefanya hii, anajibu Afrika. Na kisha wajanja wanaleta vumbi la kijani limechanganywa na gundi wanauza kama malakite, ao bati limepakwa rangi ya shaba, mnunuzi akidanganywa mara moja hanunui tena hata ile ya kweli, na fundi mwaminifu njo analipa. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anagonga shaba vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bei yake ni ileile ya mtu aliyeanza jana, juu hakuna kitu kinachomtofautisha akishatoka pale alipokaa.

Kwa hiyo watu waweke vyombo mu vitrini yao, sioni ubaya, ila ningependa kati ya vikombe hivyo vya kiwandani kiwepo na chombo kimoja cha shaba kutoka hapa, chenye alama ya fundi nyuma. Kutengeneza muhuri si gharama, ni msumari wa chuma kigumu umechongwa herufi mbili kwenye ncha, mafundi wetu wenyewe wanaweza kujitengenezea mu siku moja, kama mama Bateman alivyokuwa na HB yake. Kazi kubwa ni daftari, mahali pamoja ambapo kila alama imeandikwa na jina la mwenyewe, ili asiibe mwingine. Ninaomba mafundi wa shaba na malakite wakutane, wale wa mjini na wale wa mitaa yetu ya Kenya na Ruashi, wakubaliane wao kwa wao alama ya kila mtu na alama moja ya mji, na wachague wazee wawili ao watatu wanaojua madini kwa jicho na kwa mkono ili wapime kabla ya kugonga ile ya mji. Ninaomba makumbusho ya taifa hapa Lubumbashi yakubali kutunza daftari hilo, ni kazi yao kabisa. Na ninyi Bwana Mhariri, kila mukichapa picha ya kazi ya fundi naomba muandike jina lake chini ya picha, si "kazi ya sanaa ya Katanga" peke yake.

Mimi niko tayari kuandika majina, mwandiko wangu unasomeka na Jumamosi sina darasa. Fundi yeyote anayetaka kuanza aache habari kwenye biro ya gazeti nitapita kuichukua.

Mwalimu wa historia,
Kamalondo, Lubumbashi